Kutoka Machakos Hadi Amu: Kisiwa na Swali la Mbara



 

Ndugu msomaji, kuna swali ambalo Muislamu wa Ukambani hawezi kulikwepa akiteremka pwani. "Na wewe ulisilimu lini?" Mara ya kwanza kuulizwa nilikuwa na miaka kumi na nne, nimekwenda na madrasa yetu kwenye mashindano ya Qur'an katika mji ambao siutaji. Nilikuwa nimemaliza kusoma, nimerudi kukaa mkekani, na mzee mmoja aliyekuwa kando yangu akanisifu kwa tajwid. Halafu akaniuliza. Nikamjibu kwamba nimezaliwa Muislamu, baba yangu amezaliwa Muislamu, na babu yangu vilevile. Mzee akatabasamu, akasema, "Mashaallah. Lakini asili?"

Hakukusudia ubaya, hilo nalijua. Alinipa hata tende. Lakini swali lile nilirudi nalo Machakos kwenye basi usiku kucha, na nimekaa nalo miaka. Yaani dini hii sisi tunaazima? Wenyewe wako pwani na sisi wa bara ni wapangaji?

Likizo iliyopita, mwezi wa Shaaban, vijana saba wa jumuiya yetu tulichanga pesa tukaenda kukitembelea kisiwa cha Lamu. Wenzangu walitaka bahari na mchanga, na hakuna makosa, maana Allah (S.W.) ametuamrisha katika Surat Al-Ankabut, aya ya 20, tutembee katika ardhi tutazame jinsi alivyoanzisha uumbaji. Mimi pia nilitaka bahari. Ila nilikuwa na lile swali langu mfukoni.

Tulipanda basi pale Machakos Junction, tukalala njiani, tukaamkia Mombasa. Kutoka hapo ni Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe ambako bara inakwisha. Zamani watu walikuwa wakihadithia barabara ya Garsen kwa machozi, matope ya masika na gari kukwama siku mbili. Siku hizi ni lami. Vizuizi vya polisi viko vingi na kila mtu ateremke na kitambulisho chake, kwa sababu eneo lile limepitia mitihani, hasa Juni 2014 ambapo zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya karibu. Mwenye kwenda na familia afuate maelekezo ya usalama ya wakati huo, asisafiri kwa kubahatisha.

Mokowe unaingia kwenye boti. Nahodha alitupungia mkono akapiga kelele, "Ndoo! Ndooni!" Sisi tukaanza kuangaliana, nani ana ndoo? Mmoja wetu akadhani boti inavuja, tunaombwa tusaidie kuchota maji. Kumbe Kiamu hicho. "Ndoo" ni njoo, na njia wao huiita "ndia". Tulichekwa sana, na sisi tukajicheka.

Halafu mji ukatokea juu ya maji. Sitajaribu kuusifu, wengi wameusifu kunishinda. Nitasema tu kwamba kitu cha kwanza unachokisikia ni kutosikia. Hakuna honi. Ndani ya mji mkongwe gari halipiti, hata likitaka. Mizigo hubebwa na punda, mawe ya kujengea punda, magunia ya unga punda, na ukisikia "sameni!" nyuma yako jibanze ukutani upesi, maana punda wa Lamu anajua haki yake kuliko wewe. Kuna hata hospitali ya punda pale ufukoni.

Mji una sehemu mbili kubwa, na naomba msomaji uzishike kwa sababu tutazirudia. Kaskazini ni Mkomani, ndipo zilipo nyumba za kale za mawe za waungwana. Kusini ni Langoni, ambako walikaa wageni: Wangazija, Wahadhrami, watu wa visiwa vingine, na wale waliotoka utumwani. Katikati inapita Usita wa Mui, yaani njia kuu ya mji, nyembamba kiasi kwamba watu wawili wenye vikapu hulazimika kupishana ubavu.

Nyumba za Mkomani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mbele pana daka, ile sehemu ya kuingilia yenye viti vya mawe ambapo mgeni hukaribishwa kabla ya kuingia kwa wenyewe. Kutoka hapo unapita kiwandani, yaani uani palipo wazi juu, kisha vyumba virefu vyembamba kimoja nyuma ya kingine mpaka kile cha ndani kabisa. Kuta za ndani zina zidaka, vijishubaka vya chokaa vilivyochongwa safu kwa safu. Tulimuuliza mwenyeji wetu kwa nini vyumba ni vyembamba hivyo, tukidhani ni ubahili wa kiwanja. Akatuonyesha dari. Dari imelala juu ya boriti za mikoko, na boriti haivuki mita tatu hivi, basi chumba nacho hakivuki. Mti wa majini ndio uliompimia fundi upana wa nyumba. Mahali pengine nyumba mbili za jamaa zimeunganishwa juu ya njia kwa kidaraja kinachoitwa wikio, wanawake wapate kutembeleana bila kushuka mitaani. Tukipita chini ya wikio dada mmoja wa msafara wetu akasema hiyo ndiyo simu ya mkononi ya zamani.

Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliuingiza mji huu mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia. Ngome ya Lamu, ile kubwa ya uwanjani penye mkungu, ilimalizika kujengwa karibu mwaka 1821, ikawa jela toka 1910 hadi 1984, na leo ni makumbusho. Msikiti wa Pwani ulio nyuma yake unahesabiwa kuwa na asili ya mwaka 1370. Pia kuna jumba dogo lililokuwa posta ya Wajerumani kuanzia 1888 mpaka 1891, miaka mitatu tu, barua za kwenda Ulaya kutoka Lamu kabla ya Nairobi kuwako.

Kitu kilichonisimamisha ni kingine. Katika jumba la makumbusho pale ufukoni kuna siwa mbili, mabaragumu makubwa ya kifalme, moja ya shaba ya Lamu na nyingine ya pembe za ndovu kutoka Pate. Siwa ilipulizwa kwenye harusi na sherehe za wakubwa, na asiye muungwana hakuruhusiwa kupuliziwa. Nilisimama mbele ya ile ya pembe nikafikiri: ndovu haogi baharini. Pembe hizi zilitoka bara. Kuna mtu aliyemfuata mnyama yule porini, na kuna mabega yaliyobeba mzigo ule siku kadha wa kadha mpaka pwani. Jina lake halikuandikwa kwenye kibao.

Ukitaka mwanzo wenyewe wa Uislamu wa visiwa hivi, Lamu haitoshi. Inabidi uvuke mpaka kisiwa cha jirani cha Pate, kwenye magofu ya Shanga. Sisi hatukufika, maji yalikuwa mabaya na pesa zilikuwa zinakwisha, ila mwenyeji wetu alitukalisha barazani akatueleza, na nilipofika chuoni nikasoma zaidi. Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa mambo ya kale, Mark Horton, alichimba chini ya msikiti wa mawe wa Shanga. Chini yake akakuta msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine, mpaka akafika kwenye alama za miti iliyokuwa imesimikwa ardhini: msikiti mdogo wa miti na udongo, wa karne ya 8. Yaani karne ya pili ya Hijria! Imam Shafi alikuwa bado kijana au hajazaliwa.

Msikiti wa miti na udongo, ndugu zangu. Si matumbawe wala chokaa wala mlango wa nakshi. Nyumba aliyozaliwa bibi yangu kule vilima vya Mua ilikuwa ya miti na udongo. Nimewahi kumsikia mtu akisema Uislamu wa bara ni wa vibanda. Sawa, na wa pwani ulianzia wapi?

Siku ya pili tukaenda Takwa, kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mkondo. Hii ndiyo safari ninayompendekezea mwenye watoto kuliko zote. Unakodi mashua, na lazima uende maji yakiwa yamejaa, kwa sababu mwisho wa safari unaingia kwenye kijito katikati ya mikoko, na maji yakitoka utabaki umekaa juu ya tope ukingoja mpaka jioni. Mikoko ile ni ajabu ya Mwenyezi Mungu. Mti unasimama ndani ya maji ya chumvi, mizizi imetoka nje kama miguu ya buibui, na chini yake samaki wadogo na kaa na kamba wanalelewa mpaka wakue. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Kwa karne nyingi boriti zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni na Ghuba ambako miti ya kujengea ni adimu, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuzipeleka nje mwaka 1982. Nahodha wetu alituambia marehemu baba yake aliifanya kazi hiyo ya kukata mikoko, na kwamba mtu alikuwa akitoka huko miguu imechanwa na chaza.

Takwa ulikuwa mji toka karne ya 15 hadi ya 17. Sasa ni mibuyu, ukuta, visima na msikiti wa Ijumaa usio na paa. Juu ya kibla cha msikiti huo imesimama nguzo ndefu, na wengi huamini kuna mtu mkubwa amezikwa pale. Nje ya ukuta kuna kaburi jingine la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 Hijria, karibu 1683 kwa hesabu ya Wazungu. Inasemekana maji ya visima yaligeuka chumvi na watu wakahama wakavuka kwenda Shela. Lakini hawakuikata kamba. Watu wa Shela mpaka leo huja Takwa kuomba dua ya mvua. Tuliswali dhuhuri mle ndani, juu ya mchanga, mbingu ndiyo dari. Mwenzetu mmoja ambaye kwa kawaida ni mtu wa mzaha alikaa baada ya salamu bila kusema neno mpaka tukamgusa bega.

Shela sasa. Kutoka mji wa Lamu ni mwendo wa dakika arobaini hivi kwa miguu kando ya maji, au dakika chache kwa boti. Kuna msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1829 wenye mnara mweupe wa duara unaochongoka juu, unauona toka mbali baharini. Ukiupita mji unaanza ufuo wa mchanga mweupe, kilomita kumi na mbili takriban, na nyuma yake vilima vya mchanga. Bahari ya pale haina mwamba wa kuizuia kwa hiyo mawimbi yana nguvu, mwangalieni mtoto. Na jambo moja la kusema bila kuona haya: hoteli ziko, watalii wako, na utayaona mavazi ambayo hutaki watoto wako wayaone. Sisi tulikwenda alfajiri. Tuliswali subhi Shela, tukatembea mpaka jua likapanda, na ufuo mzima ulikuwa wetu pamoja na kaa wadogo. Dada zetu waliogelea na mabuibui yao upande wao, hakuna aliyewasumbua.

Juu ya vilima vile vya mchanga kuna hadithi mbili. Ya kwanza ni ya vita. Karibu mwaka 1813 majeshi ya Pate pamoja na Mazrui wa Mombasa yaliteremka Shela kuja kuipiga Lamu. Walishindwa vibaya, na wazee husema walipokimbilia vyombo vyao walikuta maji yametoka, vyombo vimekaa juu ya mchanga. Waislamu kwa Waislamu, na tuseme ukweli. Baada ya hapo watu wa Lamu, kwa kuogopa kulipiziwa kisasi, walimwita Sayyid Said wa Oman awalinde, na mlango huo ukishafunguliwa pwani yote ikaingia mikononi mwake kidogo kidogo. Hadithi ya pili ni ya maji. Mvua ikinyesha, mchanga ule huyanywa maji, ukayachuja na kuyahifadhi chini, na visima vya Shela ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Ukijenga juu ya vilima hivyo, au ukiuhamisha mchanga, unakunywa akiba ya mji mzima. Watu wa Machakos hilo hatuhitaji kufafanuliwa. Sisi ndio watu wa kuchimba mchanga mtoni tukapata maji, na ndio tuliouona mchanga wa mito yetu ukipakiwa kwenye malori mpaka mito ikakauka.

Nilitaja Langoni, nikasema tutarudi. Siku ya tatu, alasiri, tulitoka Mkomani tukafuata njia ya kusini. Nyumba zinabadilika, zinakuwa ndogo, za makuti na mabati, watoto wengi zaidi njiani. Hapo ndipo ulipo Msikiti wa Riyadha, na hapo ndipo nilipokutana na mtu aliyenijibu swali langu, naye amekufa toka mwaka 1935.

Jina lake Swaleh bin Alawy Jamal al-Layl, na Afrika Mashariki nzima inamjua kwa jina la Habib Swaleh (Allah amrehemu). Hakuwa mtu wa Lamu! Hili mimi sikulijua, nilidhani ni mwenyeji wa tangu na tangu. Alizaliwa Ngazija akaja Lamu bado kijana, katika nusu ya pili ya karne ya 19, kwa jamaa zake waliokuwa wamemtangulia. Alikuwa sharifu, kwa hiyo kwa nasaba angeweza kuketi Mkomani na wakubwa, akale nao, akaoe kwao, akaitwe kwenye mabaraza yao. Na alisoma kwa maulamaa wa pale.

Mji wa wakati ule ulikuwa na ngazi. Juu waungwana na masharifu, kisha wageni wa makabila mbalimbali, na chini kabisa watwana. Mashamba ya ng'ambo bara, ya mahindi na mtama na ufuta, yalilimwa na watumwa. Wengi wa watumwa wa pwani hii waliletwa kutoka kusini, pande za Ziwa Nyasa, wametembezwa miguu mpaka baharini. Waliposilimu hawakupewa elimu. Alifundishwa kiasi cha kuswalia, basi. Elimu ya kitabu, fiqhi, tafsiri, lugha ya Kiarabu, hiyo ilikuwa mali ya nyumba fulani, ikirithiwa kama siwa. Ndipo Habib Swaleh akaanza kuwasomesha watu wa Langoni. Watoto wa watwana, wachukuzi, wavuvi, wageni wasio na ukoo wa kutajwa, akawaketisha duarani pamoja akawafungulia kitabu.

Wakubwa walikasirika. Kwao hilo lilikuwa kuuvunja mji. Mtwana akishajua masharti ya nikahi na hukumu za mirathi, nani atamwambia nini? Lakini yeye aliendelea. Alihamia huko huko Langoni akaishi na watu wake. Alikuwa pia tabibu, akiwatibu masikini. Alipenda maulidi ya Al-Habshi, yaliyotungwa na Habib Ali wa Seiyun kule Hadhramaut, akayaleta yasomwe na matari, na watu ambao hawakuwa na nafasi ya kutamka kitu mbele za wakubwa wakawa wanamsifu Mtume (S.A.W.) kwa sauti zao wenyewe. Kuelekea mwaka 1900 msikiti wa Riyadha ukasimama, na kando yake chuo. Riyadha maana yake ni mabustani.

(Hapa najua baadhi ya ndugu zangu wameshainua kalamu kuandika barua kwa mhariri kuhusu maulidi. Jamani, sikuja kufungua mjadala huo, na Ramadhan si mwezi wake. Anayeyasoma na asiyeyasoma wote wawili wamsome Habib Swaleh kwa alilolifanya kwa wale watoto.)

Utumwa ulipoondolewa kisheria na serikali ya Waingereza mwaka 1907, wale waliokuwa wameachwa huru wengi hawakuwa na shamba wala ukoo. Watu wa Langoni walikuwa tayari na kitu. Walikuwa na chuo, na wana wao walikuwa wanakisoma. Miaka iliyofuata Riyadha ikawapokea wanafunzi kutoka Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo na Ngazija, na kila mwaka katika Mfungo Sita mji wote hujaa wageni wanaokuja kwa maulidi na ziara yake: mashindano ya punda, ya majahazi, ya hati za Kiarabu, ngoma ya kirumbizi na kadhalika. Na wajukuu wa wale wakubwa waliokasirika husimama safu moja na watu wa Langoni, wala hujui ni nani.

Nilikaa ndani ya Riyadha baada ya swala ya alasiri nikiwasikiliza wanafunzi. Mmoja alikuwa na lafudhi ninayoijua. Nikamsogelea nikamsalimia Kikamba, akaruka! Ni kijana wa Kitui. Ana miaka mitatu pale. Nikamuuliza kama wenyeji humsumbua na lile swali. Akacheka, akasema huulizwa, na hujibu: "Nilisilimu siku moja na Habib Swaleh alipokuwa mwenyeji wa Lamu." Nimeliiba jibu hilo, na natumai amenisamehe.

Mambo mengine ya Lamu nitayapitia haraka. Bandari mpya ya Kililana, upande wa bara, ilizinduliwa mwezi Machi 2012 na gati yake ya kwanza ikafunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Wavuvi walishtaki kwamba kuchimbwa kwa bahari kumewaharibia kazi, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua zaidi ya wavuvi 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76. Kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichotakiwa kujengwa karibu nacho kilipokonywa leseni mwezi Juni 2019, baada ya wananchi kukipinga kwa miaka. Vijana wa pale tuliozungumza nao wamegawanyika. Wengine wanataka ajira ya bandari na hawana haya kuisema, na nani awalaumu? Nyumba ya kale ina gharama, chokaa ni ghali, na mtu mwenye pesa za nje akija na bei nzuri mwenye nyumba huuza. Unaweza kupita vichochoro vya Shela ukahesabu milango ambayo wenyewe huja mara moja kwa mwaka.

Tuliporudi Machakos nilianza kuuangalia mji wetu kwa jicho jingine. Watu husema Machakos ni mji wa Wazungu wa kwanza bara, kwa kuwa kampuni ya Waingereza iliweka kituo chake hapa mwaka 1889, kabla ya Nairobi, na ofisi za serikali hazikuhamia Nairobi mpaka 1899. Lakini Wazungu wale hawakuja peke yao. Walikuja na misafara, na misafara ni watu: wachukuzi, askari, wapishi, wakalimani, na wengi wao walikuwa Waislamu wa pwani. Na kabla ya hapo Wakamba walikuwa wakiteremka wenyewe na pembe kwenda Mombasa. Kivoi wa Kitui, ambaye Krapf alisafiri kwake mwaka 1849, alikuwa mfanyabiashara wa pembe anayejulikana pwani nzima. Njia ile ilikuwa na watu wa kwenda na wa kurudi, na kitu walichorudi nacho hakikuwa nguo na shanga peke yake.

Nilimwendea babu yangu. Ni mtu mzima sana, masikio yamepungua. Nikamuuliza nani alimfundisha alif. Akafikiri kitambo. Akasema alikuwa fundi cherehani, mtu mfupi, mgeni, aliyekuwa akikaa nyuma ya maduka, na kila jioni akishafunga kazi huwakusanya watoto wa mtaa mzima barazani pake, wa Waislamu na wasio Waislamu, akawasomesha kwa mbao zilizopakwa chokaa. Hakuwatoza pesa, ila kila Alhamisi walimletea kuni. Nikamuuliza jina. Akasema walimwita Mwalimu. Jina la baba yake? Hajui. Alitoka wapi? "Alitoka chini," akanyosha mkono kuelekea njia ya Mombasa. Kaburi lake lakini analijua, akaahidi kunionyesha.

Tumekwenda Ijumaa iliyopita, yeye akitembea na fimbo na mimi nimemshika. Halina kibao. Limeinuka kidogo, kuna jiwe kichwani na majani yamelifunika. Tumelisafisha, tukasoma Yaasin, na babu akaketi juu ya jiwe jingine akaanza kunitajia wenzake waliosoma pamoja barazani pale, mmoja mmoja. Mpaka adhana ya magharibi nilikuwa nimeandika majina kumi na tisa.